Mafuta ya Kahawia ya Tanuri

6 Februari

Mjukuu wangu, mchumba wangu,

Nina miaka sabini na minane. Nimewazika mameneja watatu, makarani sikuwahesabu, nimemzika bibi yako, Mungu amrehemu, nimeyazika meno yangu yote ya juu, na lile ghala la baridi nililofanyia kazi nimeliona likibomolewa, mimi nimesimama ng'ambo ya barabara natafuna karanga. Bado nipo. Kwa hiyo usiisome barua hii kama unasoma barua ya mgonjwa.

Salamu nyingi. Sisi huku wazima. Shangazi yako mzima, cherehani yake tu ndiyo mgonjwa, inakula uzi kama mbuzi. Baba yako alipita juzi na lori lake, akala, akalala, akaondoka, neno la maana hakusema, ndivyo alivyo tangu utoto. Mizani anakusalimu. Unamkumbuka Mizani, yule mwenzangu aliyekuwa akipima nyama pale mlangoni mwa ghala. Katika kundi letu tumebaki sisi wawili, na yeye amebaki nusu maana miguu imemkataa.

Naandika mwenyewe, kwa penseli. Shule nilikaa miaka miwili, wa tatu mwalimu alinishindwa. Ukikuta neno limepinda, linyooshe mwenyewe, si wewe ndiye msomi? Simu sitaki. Kwenye simu mtu husema "sawa, sawa, Babu," kisha anakata. Karatasi haikati.

Sasa nije kwenye jambo. Shangazi yako anasema huko hospitali kubwa unatafuta wazee uwalaze kwenye mashine, uwatazame mafuta. Eti mwilini kuna mafuta meupe na mafuta ya kahawia, na hayo ya kahawia ndiyo yanayompa mtu joto. Eti umezunguka mitaa na mitaa, na mzee mmoja amekukimbia. Nilimsikiliza hadi mwisho. Hebu nijibu: uliwezaje kuzunguka mitaa yote hiyo ukanipita mimi?

Wewe hukuniona kazini. Lile ghala lilikuwa na milango minene kama magodoro. Ukiingia pumzi yako unaiona, ukishika kulabu bila glavu ngozi inabaki pale. Wenzangu walivaa makoti ya pamba mpaka wakafanana na mito, na kabla ya kuingia walijipaka mafuta ya ng'ombe shingoni na kifuani, kidole kizima. Mimi niliingia na shati. Nusu ng'ombe begani, shati, na wimbo mdomoni. Ndiyo maana wakaniita Tanuri. Sikujiita mwenyewe, waulize. Yaani muulize Mizani.

Kwa hiyo kama kuna mtu mwenye mafuta hayo ya kahawia, ni mimi, na ninayo ya kugawa. Niandikie siku. Nakuja.

Babu yako,
Tanuri


20 Februari

Babu yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na duara la kikombe cha chai, nikajua ni yako kweli, hakuna aliyekughushi. Mimi mzima. Bado napanga kile chumba juu ya duka la fundi viatu, nyundo yake ndiyo inayoniamsha. Mwambie shangazi afungue kile kibati chini ya sindano ya cherehani, asafishe vumbi la nyuzi. Mzee Mizani mpe pole za miguu na umwambie nilicheka sana.

Sikukupita, Babu. Nilikuogopa. Nilijua nikikuita utakuja kushindana, na huku hakuna mashindano.

Nikueleze vizuri, maana shangazi amekuelezea haraka haraka. Mafuta meupe ni akiba, mwili unayaweka stoo. Ya kahawia ni jiko: yanachoma akiba ili mtu apate joto. Watoto wachanga wanayo mengi. Vijana wanayo kiasi, hapa shingoni, juu ya mtulinga, ule mfupa wa begani kwa mbele, na kandokando ya uti wa mgongo. Tukizeeka yanapungua, na kwa wengi hayaonekani tena. Zamani ili kuyaona ilibidi mtu adungwe dawa yenye mionzi, na huwezi kumdunga mtu mzima wa afya yake mara kwa mara kwa sababu ya utafiti tu. Sisi tunatumia MRI, ile mashine ya sumaku. Haina sindano, haina mionzi. Rangi yenyewe haiioni. Inachoona ni maji na mafuta, kwa sababu kila kimoja kinaijibu sumaku kwa namna yake. Mafuta meupe ni karibu mafuta matupu, kama samli. Ya kahawia yamechanganyika na maji mengi zaidi, na damu, na chuma kidogo ambacho ndicho kinayapa rangi. Basi tunapima: hapa mafuta ni kiasi gani, maji kiasi gani. Hapo tunatenganisha stoo na jiko.

Nakuomba uje, sitaficha. Nahitaji wazee kumi na ninao tisa. Wa kumi aliingia nusu mwili, akapiga kelele atolewe, akatoka nje viatu mkononi. Profesa amesema mwisho wa Mei tunafunga. Bila picha kumi safi, sehemu ya wazee inatupwa, na sehemu ya wazee ndiyo yangu. Vijana ni kazi ya mwenzangu. Ikitupwa, miaka mitatu yangu imekwenda na maji, na sijui kama watanipa mingine.

Masharti: usiwe na chuma mwilini. Ukae kimya bila kujitikisa. Kabla ya picha tutakuvisha fulana yenye mirija ya maji baridi, ili jiko liwake kama lipo. Ukianza kutetemeka useme, tupunguze baridi, kwa sababu kutetemeka ni kazi ya misuli na si ya mafuta, na kunaharibu picha. Na sharti kubwa: lisomeke "yapo" au lisomeke "hayapo", kwangu ni sawasawa. Picha itasomwa na mtu asiyejua ni ya nani. Ninachohitaji ni picha safi.

Njoo tarehe 18 Machi. Baba atakuleta na lori.

Mjukuu wako


25 Machi

Mchumba wangu,

Marahaba. Nimefika salama. Baba yako alinishusha mlangoni akaondoka, njia nzima alisema maneno mawili na moja lilikuwa "mafuta", nikadhani ananiuliza habari za utafiti, kumbe ya lori. Kile kibati cha cherehani shangazi yako alikifungua, akatoa donge la nyuzi kubwa kama panya. Sasa inashona. Anakushukuru.

Nimemsimulia Mizani kila kitu. Nimemwambia mashine yenu ni bomba jeupe na ndani yake kuna mtu anagonga mabati, na mimi nililala mle kama niko kwa mkwe, sikutikisa hata kope. Nimemwambia yule fundi wa mashine, kijana mwenye miwani, aliniuliza, "Mzee, una chuma chochote mwilini?" nami nikamjibu, "Ninacho, kwenye mafuta, mjukuu wangu mwenyewe ameniandikia." Uso wake ulivyobadilika! Akasimamisha kila kitu. Mpaka wewe ukaja mbio kumwelewesha. Halafu akaniuliza mara ya pili, nikasema nina moyo wa chuma, akakasirika kabisa. Watu wa sumaku hawana utani.

Fulana yenu ya maji nayo nimeiona. Hiyo ndiyo baridi? Kwetu hiyo tungeita asubuhi. Uliniuliza mara ngapi, "Babu unatetemeka?" Nilitetemeka? Sikutetemeka. Waambie hao tisa wengine.

Naona ulikasirika nilipokataa usinivue shati ukanivalisha lile gauni. Mzee havuliwi nguo na mjukuu. Nilivaa mwenyewe nyuma ya pazia, nikafunga mpaka kidevuni, na ndivyo inavyotakiwa.

Sasa nasubiri. Usimpigie shangazi yako simu. Niandikie, na andika kwa herufi kubwa, Mizani anataka kusoma mwenyewe: TANURI ANAYO.

Babu yako


9 Aprili

Babu yangu,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri na baba amepumzika. Mimi nimeugua mafua siku chache, nimepona.

Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua nianzeje. Picha yako haisomeki.

Hukutikisika, hilo ni kweli, fundi mwenyewe amekusifu. Ila msomaji, yule asiyejua picha ni ya nani, ameandika pembeni alama tatu za kuuliza. Juu ya mabega, shingoni na kifuani kuna ukanda unaong'aa, mnene kama kidole. Ni mafuta matupu kabisa, meupe kuliko meupe. Na Babu, ukanda huo haupo ndani ya mwili. Uko juu ya ngozi. Unaanzia pale ngozi inapoishia.

Mng'ao wake umeingia palepale tunapopatazama, juu ya mtulinga. Na ile fulana ya baridi haikukugusa sawasawa, ilikuwa inapoza kitu kingine. Ndiyo maana hukutetemeka.

Siku ile nilisikia harufu nikadhani ni ya koti lako. Sasa nakuuliza kwa heshima zote: ulijipaka nini, na kwa nini?

Uzuri wa sumaku ni kwamba tunaweza kurudia bila madhara. Nimekuombea nafasi nyingine tarehe 27 Mei. Baada ya hapo hakuna nafasi.

Mjukuu wako


2 Mei

Mjukuu,

Salamu. Huku wazima. Bati la jikoni linavuja, nimepanda mwenyewe nikalipigilia, shangazi yako akapiga mayowe kama nimepanda mnara. Kuku mweusi ameangua saba, mmoja kachukuliwa na mwewe. Mizani amelazwa, ametoka. Jirani mpya hapo nyuma ana redio, hana masikio. Baba yako yuko safari.

Barua yako niliipata siku nyingi. Nilikuwa na kazi.

Kuhusu hiyo picha, mashine yenu itakuwa chafu. Sisi ghala tulilisafisha kila Jumamosi kwa maji ya moto, ukuta mpaka dari, kulabu moja moja. Mwambie yule kijana wa miwani apige deki bomba lake. Halafu tafuta mzee mwingine, wazee wako wengi, wanakaa tu vibarazani.

Penseli imekwisha.

Babu yako


8 Mei

Babu yangu mpenzi,

Shikamoo. Poleni kwa kifaranga. Mzee Mizani nimempigia mwenyewe, tumeongea kirefu. Wewe nakuomba ushuke kwenye bati na usipande tena.

Kila mtu ana kichwa kigumu katika ukoo huu, nami nimekirithi kwako, kwa hiyo nisikilize. Penseli mpya nimeiweka humu ndani ya bahasha. Huna sababu.

Nilipokuja mwezi wa kwanza niliona kitanda chako kimehamishwa kutoka dirishani. Miaka yote umelala chini ya dirisha lililo wazi, ukisema asiyependa upepo akalale kaburini. Sasa kiko ukutani, nyuma ya kabati, na dirisha limezibwa kwa gunia. Niliona umevaa soksi jozi mbili jua likiwa kali. Shangazi akanikonyeza ninyamaze, nikanyamaza. Na sasa sikuulizi tena. Nakueleza tu kwamba niliona.

Wazee wa vibarazani nimewafuata. Mmoja ana chuma nyongani, mmoja ana kifaa cha moyo, wa tatu mkewe amenifukuza na ufagio. Amebaki mmoja tu anayeweza kulala ndani ya bomba asitikise kope, na jina lake analijua mtaa mzima.

Ila simtaki Tanuri, Babu. Tanuri alishakuja akaniharibia picha. Nataka mzee wa miaka sabini na minane anayesikia baridi. Akitetemeka atasema, nami nitapunguza, na hatachekwa na mtu yeyote mle ndani. Fundi ameshanihakikishia.

Tarehe 27 lori litakuwa mlangoni alfajiri. Ukipanda, nitakuona. Usipopanda, nitaelewa, na nitaanza upya. Sitakulaumu, lakini sitakudanganya kwamba haitaniuma.

Mjukuu wako


14 Mei

Mjukuu,

Salamu. Wote wazima. Penseli ngumu mno, inachana karatasi, safari nyingine nunua ya kwetu.

Ndiyo. Nilijipaka. Umefurahi?

Lile kopo ninalo tangu kazini, mafuta ya ng'ombe nayayeyusha, nayachanganya na mafuta ya mgando ili yasigande sana. Nilijipaka kule chooni hospitalini, nyuma ya mlango, kidole kizima kama walivyofanya wale wengine. Mimi niliyewacheka. Sikujua kama bomba lenu linaona mpaka nje ya ngozi. Nilidhani mmekuja kutazama ndani, mtatazama ndani.

Umeuliza kwa nini. Tangu mwaka juzi baridi imenipata. Sijui imepita wapi, labda imenitafuta miaka yote ikanikuta nimelala. Inaanzia mabegani. Nilipoona ile fulana ya maji kwenye picha uliyomtumia shangazi yako, nikasema, hapa nitatetemeka mbele ya mjukuu wangu, meno ya chini yatagonga ufizi wa juu, na wale vijana wataandika: mzee ametetemeka. Mtu anaitwa Tanuri miaka hamsini, halafu aandikwe hivyo na mtoto mwenye miwani.

Hakukuwa na nia ya kukuharibia. Nilitaka nikupe kitu kizuri.

Umeandika kwamba ikitupwa miaka yako mitatu itakwenda na maji. Hilo nimelisoma mara nyingi kuliko mengine. Mimi najua kazi ya mtu inavyobomolewa akiwa amesimama anatazama. Zile karanga hazikuwa tamu.

Kwa hiyo nakuja, na haya ndiyo masharti yangu. Mtu asiniambie pole. Mtu asinifunike blanketi mpaka niseme. Shati nitavua mwenyewe, lakini safari hii ukague, mabega na shingo, ukague kama bwana afya. Na majibu uniandikie kwa barua, usiniambie usoni.

Kopo nimempa shangazi yako apake kwenye bawaba za mlango. Mlango haulii tena.

Babu yako


12 Juni

Babu yangu,

Shikamoo. Mimi mzima kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana nimelala mpaka nyundo ya fundi viatu imenipita.

Profesa amefunga utafiti. Picha kumi, zote safi. Sehemu ya wazee imebaki. Imebaki, Babu! Na picha iliyo safi kuliko zote, fundi amesema hivyo mbele za watu, ni ya mzee wa kumi.

Nilikuahidi majibu kwa barua, basi haya hapa, na sitayazungushia maneno.

Hayapo.

Juu ya mtulinga, shingoni, kandokando ya uti wa mgongo, mafuta yako yote ni meupe. Tumepima kabla ya baridi, tumepima baada ya baridi, hakuna kilichowaka. Msomaji hakujua ni wewe. Mimi nilijua, na nimeitazama mara nyingi kuliko ilivyo lazima, nikitafuta hata kipande cha ukubwa wa harage. Hakuna. Uko kama wenzako wengi katika wale kumi, na hilo ndilo utafiti ulitaka kujua.

Lakini nikwambie jambo moja la haki. Picha ya leo haisemi ulivyokuwa ujanani. Watu wanaofanya kazi kwenye baridi huenda wakawa nayo zaidi ya wengine, na yakaisha baadaye. Huenda wakati wa ghala ulikuwa nayo tele. Hakuna anayeweza kukukatalia. Mwambie hivyo Mzee Mizani.

Na uliogopa bure. Ulitetemeka kidogo sana, ukasema, "Sasa," kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayemwambia kondakta amshushe. Nikapunguza baridi. Ukakaa. Miongoni mwa wazee wote kumi ni wewe peke yako uliyesema kwa wakati wake. Wengine tuligundua wenyewe.

Sitasema pole. Nasema ahsante.

Mjukuu wako


20 Juni

Mchumba wangu,

Marahaba, marahaba sana. Huku wazima wote. Shangazi yako amepata kazi ya kushona sare za shule nzima, cherehani inanguruma kama lori la baba yako. Vifaranga sita wamekua, mmoja jogoo, ameanza kujaribu kuwika saa asizotakiwa, nimempenda. Kitanda changu bado kiko nyuma ya kabati na kitabaki hapo. Soksi navaa jozi tatu sasa. Atakayeuliza nitamjibu.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikatoka nje, nikarudi nikaisoma tena. "Hayapo." Nimekaa nalo siku mbili, sikula vizuri, shangazi yako akadhani kuna msiba. Siku ya tatu nikaamka nacheka peke yangu. Nikaenda kwa Mizani mbio, mbio za umri wangu.

Sikiliza, msomi. Umenipa mlango wa nyuma, eti huenda ujanani nilikuwa nayo tele. Ni heshima yako, nimeiona, lakini siutaki mlango huo. Nakurudishia. Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya ule mwili, na leo nakwambia kitu ambacho mameneja watatu walikufa hawakijui.

Niliisikia. Kila siku. Tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho niliisikia baridi kama yeyote, na pengine zaidi, maana sikuwa na koti. Koti la kwanza nilimpa mtu mgonjwa, sikutaka kumdai, watu wakaona shati, wakasema, "Huyu ni tanuri." Jina likanipendeza. Basi nikalivaa badala ya koti. Ule wimbo mdomoni unadhani ulikuwa wa nini? Ulikuwa wa kuyazuia meno yasigongane. Jioni bibi yako alikuwa ananisubiri na beseni la maji ya vuguvugu, ananitia miguu, anafunga mlango ili jirani asione ninavyotetemeka, hasemi kitu. Akimaliza anafungua mlango na kunguruma, "Haya Tanuri, njoo ule." Miaka yote hiyo.

Na mimi nilipozeeka nikaanza kusadiki uongo wangu mwenyewe, nikadhani baridi ni kitu kipya kilichonianza juzi.

Sasa wewe umeniletea picha. Tazama ilivyo. Kama ningekuwa na jiko ndani, kazi ilifanywa na jiko, mimi nilibebwa tu. Mtu mwenye jiko kifuani ana nini cha kujisifu? Hata paka karibu na moto hatetemeki. Lakini hayapo! Nilisimama mle ndani na mafuta meupe matupu, kama samli, na nusu ng'ombe begani, na shati. Hakukuwa na kitu kilichonisaidia isipokuwa sikutaka kutoka. Tangu leo najisifu kwa haki, mtu asiniambie natia chumvi.

Wewe pia. Nilikuona siku ile, waliponitoa bombani, ulivyosimama kwenye kioo unatazama ile picha ikitoka mstari kwa mstari, mikono umeikunja kwapani kwa baridi ya chumba kile, na hukuvaa sweta. Nikasema moyoni, huyu hakurithi mafuta yoyote. Amerithi kile kingine. Mwakani ukihitaji wazee, niandikie. Ukihitaji kumi, nitakuletea kumi, nitawasimamia mlangoni, na hakuna atakayetoka na viatu mkononi.

Na usidhani nimekusimulia haya kwa kujifurahisha, mashahidi ninao. Wa kwanza ni Mizani. Nilipomwambia "Hayapo" alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Wewe, mimi nilikaa mlangoni miaka yote ile, ulipokuwa unapita na nyama, meno yako nilikuwa nayasikia kabla ya wimbo." Hakuwahi kumwambia mtu. Wa pili angekuwa bibi yako, lakini yeye ametangulia, beseni ndilo lililobaki, lipo jikoni, lina tundu, kuku wanakunywa. Wa tatu ni yule kijana wa miwani, aliyenisikia nikisema "Sasa." Na wa nne ni picha yako ya mzee wa kumi. Mwonyeshe yeyote asiyeniamini. Mwambie aangalie mabegani, aangalie shingoni, aangalie mpaka macho yamuume. Hamna kitu.

Babu yako,
Tanuri